Dogo wangu anacheza risiva huku Texas, mpira unamponyoka kila wiki. Naombeni ushauri

Mzee wa Fort Worth

Wakuu salaam. Najua wengi humu mkisikia mpira mnawaza Simba na Yanga, ila leo nina kesi ya mpira ule mwingine, ule wa Wamarekani wa kuvaa helmeti, ambao sote tulipofika huku mara ya kwanza tuliuliza hawa mbona wanasimama simama kila baada ya sekunde tano. Nivumilieni, maelezo ni marefu.

Kijana wangu ana miaka 15, tulikuja naye huku akiwa na sita. Mbio anazo, kachukua kwa mama yake. Mwaka jana kocha wa shule akamwona kwenye riadha akamwambia njoo futiboli, wakamweka risiva. Kwa asiyejua, risiva ni yule anayekaa pembeni kule, mchezo ukianza anatimua mbio kwa njia waliyopangiana, ruti wanaita, alafu kwotabeki anamrushia mpira hewani na yeye kazi yake audake. Basi. Kukimbia na kudaka. Kukimbia anakimbia, mabeki wanamwona mgongo tu. Kudaka sasa.

Yaani anaweza kudaka mmoja wa maajabu, karuka juu, mkono mmoja, watu wote jukwaani wanasimama, alafu dakika tano mbele anarushiwa mpira laini kabisa kama unamtupia mtoto chungwa, hakuna beki karibu, unamgonga mikononi unaanguka chini puu. Na si mara moja. Hiyo inaniumiza kuliko angekuwa hajui kabisa, maana angekuwa hajui ningemwambia mwanangu rudi kwenye riadha yako tulale salama.

Alhamisi iliyopita (yupo timu ya pili ya shule, wanaita jeivii, wao wanacheza Alhamisi, wakubwa Ijumaa usiku) kadondosha miwili. Wa pili ulikuwa wa tachidauni, yaani ndo goli lao, mbele yake nyasi tupu. Mzazi mmoja nyuma yangu akatoa neno, sitalirudia hapa. Kwenye gari dogo hakusema kitu mpaka nyumbani, kaweka glavu mapajani anavuta vidole vyake kimoja kimoja kama anakamua. Mimi nikamwambia sasa wewe mpira kama ule unaudondoshaje. Mama yake akanikata jicho, nikanyamaza.

Glavu nimenunua mpya, dola 60, zile za kunata. Ndo kwanza. Kocha anasema "concentrate", yaani kuwa makini, ndo ushauri wenyewe huo. Kuna mtu humu amewahi kucheza au ana mtoto anacheza? Naombeni ushauri wa maana, wa kejeli nao waje, najua hamkosekani.

Kichwa Ngumu

Mkuu huo si mpira. Mpira unachezwa na miguu. Mlete dogo Mbagala tumuweke winga ya kulia mambo yaishe.

Mzee wa Fort Worth

😂 Nilikuwa nakuhesabia dakika. Umechelewa.

Golikipa Mstaafu

Mkuu mimi nimekaa golini miaka kumi na kitu, ligi za mkoa, siyo ligi kuu nisidanganye watu. Kudaka ni kudaka, mpira uwe duara uwe yai. Na kosa namba moja la vijana ni kudaka na viganja. Mpira unadakwa na vidole. Kiganja ni ukuta, ukipiga ukuta mpira unarudi. Vidole ni chandarua.

Jaribu kitu kimoja, msikilize usimwangalie. Mpira uliodakwa vizuri hauna kelele, unasikia kama fff. Ukisikia PA! ujue umegonga kiganja, hata kama umekaa basi kakaa kwa bahati.

Pili, umbo la mikono. Mpira ukija juu ya kifua vidole gumba vikutane, inatokea kama pembetatu, ndani ya hiyo pembetatu ndo uuone ncha ya mpira. Ukija chini ya kiuno geuza, vidole vidogo ndo vikutane, viganja vinaangalia juu kama unapokea maji ya kunawa. Wengi wanapata shida ule wa katikati, wa kitovuni, maana mkono haujui ugeukie wapi. Huo unatatuliwa na miguu, inama kidogo magoti uwe wa kifuani, au ruka kidogo uwe wa chini. Na mikono iende mbele kuufuata, asiungoje kifuani. Akidakia kifuani ile minguo wanayovaa ndani ni migumu, mpira unadunda.

Wing wa Eldoret

Nimecheza raga shule na klabu kidogo, wing na fullback, sa hizi ni magoti tu yamebaki. Golikipa amenena vizuri juu ya mikono lakini nadhani wadau mnasahau kitu. Uoga. Si tusi, mzee. Ukiwa fullback, yule wa nyuma kabisa, umepigiwa mpira juu kabisa, unaungoja, na unasikia miguu ya watu kumi na tano inakuja. Hujawaona, unawasikia. Nyasi inaongea. Hapo mwili unataka kujikunja kabla mpira haujafika, mabega yanaingia ndani, mikono inafuata mabega. Mpira unapita hapo katikati kama mlango uko wazi.

Na huo mchezo wenu watu wanagongana kuliko sisi kwa sababu wamevaa gamba. Muulize mtoi pole pole, siyo mbele ya watu, kama kuna siku aligongwa vibaya. Mara nyingi kuna siku moja.

Btw kwa wasiojua, kuna Mkenya alitoka raga akaenda moja kwa moja NFL, ligi kuu ya huo mchezo huko Marekani, Daniel Adongo, Indianapolis Colts walimchukua 2013. Lakini walimweka linebacker, kazi ya kugonga watu, hawakumpa ya kudaka. Wenye akili 😂

Mama wa Netiboli

Nasoma. Nitarudi nikitoa maharage jikoni.

Mtoto wa Nyarugusu

Shikamoo mzee. Nilikulia kambini Nyarugusu, Kigoma, tukaletwa Iowa nikiwa na miaka 11, high school nimecheza risiva misimu mitatu hapa Des Moines. Kwa hiyo hii ni kesi yangu kabisa, nilikuwa nadropu mpaka wakanipa jina, jina lenyewe Butterfingers, vidole vya siagi, mnaelewa.

Kwanza mtulize dogo, mwambie hata walio wakubwa walidropu. Jerry Rice, huyo wengi wanamtaja kama risiva bora wa muda wote, alipoingia San Francisco 1985 mashabiki wa timu yake mwenyewe walikuwa wanamzomea kwa kudondosha mipira. Na huyo baba yake alikuwa fundi uashi kule Mississippi, utotoni kaka zake walikuwa wanamrushia matofali juu kwenye jukwaa la ujenzi anadaka, yaani mikono ilishazoea kitu kigumu kuliko mpira. Bado alidropu. Kastaafu na mipira 1,549 aliyodaka, hakuna aliyemfikia.

Wa karibuni Ja'Marr Chase. Chuoni LSU 2019 alikuwa moto, yadi 1,780 kwa mipira aliyodaka. 2020 akapumzika msimu mzima kwa ajili ya korona. 2021 Cincinnati wanamchukua wa tano kwenye drafti, pale timu zinapochagua vijana wapya, mechi za maandalizi anadondosha tu, mitandao ikamla. Wakamuuliza akasema mpira wa NFL hauna ile mistari myeupe. Watu walimcheka sana. Lakini mimi sikucheka, maana ni kweli, mpira wa chuo na wa high school una mstari mweupe kila upande karibu na ncha, ukizunguka hewani jicho linapata kitu cha kushika. Wa NFL ni kahawia mtupu. Msimu ukaanza akamaliza na yadi 1,455 na tachidauni 13, akapewa ile tuzo ya mchezaji mpya bora wa ushambuliaji. Mechi moja na Kansas City peke yake yadi 266.

Sasa nasema hivi kwa nini. Hao wote mikono walikuwa nayo. Tatizo lilikuwa macho na kichwa. Dogo wako anadaka ile migumu ya mkono mmoja anadondosha ile laini. Mtu mwenye mikono mibovu hadaki ile migumu mzee. Ile migumu inamlazimisha aangalie mpaka mwisho. Ile laini anakuwa ameshaanza kukimbia kichwani kabla hajaupata.

Fanya hivi, chukua daftari. Kila mpira anaorushiwa andika: umekuja wapi mwilini, beki alikuwa karibu au hapana, kadaka au kadropu. Na mama arekodi na simu, siyo mchezo wote, yeye tu, na amvute karibu kwenye helmeti. Mechi mbili tatu alafu rudi hapa. Bila hivyo tutabishana mpaka kesho.

Golikipa Mstaafu

Kijana umeongea. Lakini mikono bado 😂

Kichwa Ngumu

Kwa hiyo mtu anadaka mpira miaka ishirini analipwa mamilioni na bado anaudondosha. Golikipa wetu akidondosha mmoja anahama mji.

Kipofu Wa Usiku

Mnisamehe kuingilia, mimi ni fundi miwani Arusha. Mpeleke macho kwanza. Kuna vijana wanaona ubaoni vizuri ila macho mawili hayafanyi kazi pamoja, umbali wa kitu kinachokuja kasi wanaukosea, na usiku chini ya taa inakuwa mbaya zaidi. Kuna huyo Larry Fitzgerald wa Arizona, alikuwa hadondoshi karibu kabisa, miaka 17 na mipira 1,432. Babu yake alikuwa daktari wa macho Chicago, toka mtoto akimfanyisha mazoezi ya macho likizo. Hiyo stori huwa nawapa wazazi wote wanaosema miwani ni urembo.

Mzee wa Fort Worth

Asanteni sana wakuu, mmenipa kazi. Daftari nimenunua. Macho nimempangia Jumanne. Swali la uoga nitamuuliza mama yake amuulize, mimi nikiuliza itakuwa kesi.

Mama wa Netiboli

Nimerudi. Nimefundisha netiboli shule ya msingi miaka 22, Morogoro, na kabla ya hapo nilicheza WA. Netiboli mpira ukiupata una sekunde tatu tu, huruhusiwi kukimbia nao. Kwa hiyo watoto wangu wote walikuwa na ugonjwa huohuo wa kijana wako: wanawaza pasi inayofuata kabla huu haujafika. Anageuza shingo kumtafuta mwenzake, mpira unampiga puani. Damu za pua nimezifuta sana.

Dawa yangu sikuitoa kwenye kitabu. Ni mdako. Ninyi wanaume mnauona mchezo wa wasichana. Kishimo, kokoto ndani, unarusha jiwe moja juu, mkono unachota kokoto chini, unarudi kulidaka lile la juu kabla halijaanguka. Sasa niambieni, unayecheza mdako unaangalia wapi? Mgeni anaangalia kokoto, na anakosa. Anayejua haangalii kokoto hata kidogo, mkono unajua zilipo. Jicho liko juu na lile jiwe moja, linapanda nalo linashuka nalo. Mkono unafuata jicho wenyewe.

Mweke chini kwenye zulia hapo Amerika, mpe limau moja na kokoto kumi. Robo saa kila jioni. Atacheka, mwache acheke.

Mtoto wa Nyarugusu

Shikamoo mama. Hii ni kali. Huku tulikuwa tunafanya na mipira ya tenisi, imeandikwa namba kwa kalamu nene, anarushiwa lazima asome namba kwa sauti ndipo adake. Ni kitu kilekile ila mdako ni bei rahisi.

Mama wa Netiboli

Marahaba mwanangu. Hiyo ya namba naiiba.

Wing wa Eldoret

Kukuwe na ligi ya mdako. Serious.

Mkata Kamba

Glavu ndo tatizo jamani hamsemi? Dola 60! Zamani walikuwa wanapaka gundi mikononi, wanaita stickum, mpaka NFL wakaipiga marufuku 1981. Sasa hizi glavu ni gundi ileile imeshonwa. Dogo avue glavu adake mikono mitupu ajue mpira ulivyo.

Mtoto wa Nyarugusu

Upo sahihi nusu. Mazoezini adake bila glavu ndio, ngozi ijifunze. Mechi avae, na azifute na kitambaa chenye maji kidogo kila robo ya mchezo, maana vumbi la uwanja likikaa juu ya ile silikoni haishiki kitu, inakuwa kama umevaa mfuko wa Rambo. Pia muulizeni kwotabeki wao ni mkono gani. Wa mkono wa kushoto mpira unazunguka kinyume, ukizoea wa kulia vidole vinashangaa kidogo. Jerry Rice alidaka kwa Montana wa kulia na Young wa kushoto, ndo ujue huyo mtu alikuwa wa aina gani.

Mzee wa Fort Worth

Wakuu nimerudi, wiki tatu zimepita. Kaeni vizuri.

Macho: mazima. Fundi miwani asante, roho imetulia hapo.

Kwotabeki: mkono wa kulia. Tumetoa.

Uoga: mama yake kauliza. Ipo siku moja kweli, mwezi wa nane mazoezini, jua la Texas linawaka nyuzi za kukaanga yai, kapigwa na beki mbavuni akakosa pumzi. Hakutuambia. Kwa hiyo Wing umelenga. Ila ngoja.

Daftari sasa. Mechi tatu, karushiwa mipira 11, kadaka 5, kadondosha 6. Nikaanza kugawa. Aliyogongwa au beki yupo mgongoni: mitatu, kadaka miwili kati ya hiyo mitatu! Wa chini ya goti mmoja, kadondosha, ule hata mimi namsamehe. Iliyobaki saba ni laini, yuko peke yake, na kati ya hiyo kadondosha minne. Minne! Kwa hiyo kijana wa Iowa ulikuwa sahihi, ni ile rahisi inayomuua.

Tukakaa na mama yake usiku kuangalia video za simu pole pole, unasogeza kidole kidogo kidogo. Na ipo wazi wakuu, sikuamini. Mpira bado uko hewani kama hatua mbili kumfikia, helmeti inageuka. Unaiona kabisa, ile grili ya mbele inaangalia golini kule wanakoenda, mikono imebaki nyuma peke yake inapapasa. Mara zote nne. Mara zote alizodaka grili inaangalia mikono mpaka mpira umezama ndani ya kwapa.

Nikawa nafurahi nimepata jibu, nikataka kwenda kumwamsha. Mama yake akasema subiri, usifunge, iache iendelee. Akairudisha moja ya zile nne. Mpira umeanguka. Akasema sasa angalia helmeti inaenda wapi.

Inageuka jukwaani. Haimwangalii kocha, haimwangalii kwotabeki. Inatafuta inatafuta, alafu inatulia. Mama yake akasema hapo ndipo unapokaa wewe.

Tukaweka nyingine. Hivyohivyo. Na kwenye ile ya tatu sauti yangu imeingia kwenye simu, sitaandika nilichosema, ni Kiswahili kwa hiyo wazungu hawakuelewa ila mwenye jina lake alielewa.

Nimekaa na hii siku mbili kabla ya kuandika hapa.

Golikipa Mstaafu

Aisee.

Wing wa Eldoret

Pole mzee. Mimi pia babangu alikuwa pembeni ya uwanja kila Jumamosi na mwavuli. Nilikuwa najua mwavuli uko wapi kuliko mpira.

Mtoto wa Nyarugusu

Kaka mkubwa, asante kwa kusema. Wengi wangefuta video.

Mama wa Netiboli

Mwanangu usijipige sana, wazazi wote ni hivyo, mimi mwenyewe nimemfukuza mwanangu mwenyewe uwanjani akalia mpaka jioni. Fanya hivi. Usiache kwenda, ukiacha atadhani umemchoka. Nenda, kaa palepale akuone. Nunua karanga au chochote cha kutafuna. Ukiona mpira umerushwa upande wake tia nyingi mdomoni. Mtu hawezi kupiga kelele na mdomo umejaa. Na kwenye gari usianze wewe kuongea, ongea naye njaa tu, utakula nini.

Na mdako uendelee. Mmefanya au mnanidanganya?

Mzee wa Fort Worth

Tumefanya mama, shikamoo. Siku ya kwanza limau lilimpiga mdomoni, dada yake mdogo wa miaka 9 akakaa akamaliza kokoto zote kumi bila kukosea, hajafundishwa na mtu. Hiyo ndo ilimfanya dogo akaze, siyo maneno yangu.

Alafu tumeunganisha na ya mipira ya tenisi. Nimeandika namba 1 mpaka 9, na nikaandika nyingine kwenye mpira mmoja mzee wa futiboli karibu na ncha, nyuma ya nyumba namrushia, lazima aiseme. Mama yake kaweka sheria aseme kwa Kiswahili, maana Kiswahili chake kinakufa, "saba" na "sita" anachanganya. Kwa hiyo jioni majirani wanasikia mtoto anapiga kelele TATU! NANE! TANO! mzee mmoja wa nyumba ya pili katoka kuuliza kama kila kitu kiko sawa.

Kichwa Ngumu

Mpaka hapa nimebaki nasoma, sina utani.

Mkata Kamba

Leta matokeo ya mechi mkuu usituache hewani.

Mzee wa Fort Worth

Haya. Mechi ya mwisho ya jeivii jana, mwanzo wa mwezi wa kumi na moja, baridi imeshaingia. Nimenunua bisi kubwa, karanga hawakuwa nazo. Nimekaa palepale.

Robo ya kwanza hakurushiwa kitu. Ya pili wa kwanza ukaja, mfupi, wa kifuani, grili ikabaki na mpira mpaka ukaingia, kakimbia kama yadi 12 kabla ya kuangushwa. Mimi mdomo umejaa bisi siwezi hata kushangilia, machozi yananitoka kwa chumvi. Wa pili kadaka, katikati, palepale penye watu, kagongwa, kauminya. Wing nilikukumbuka. Wa tatu kadaka pembeni, mguu ulikuwa nje, haukuhesabiwa.

Robo ya nne tuko nyuma kwa pointi nne, kwotabeki akamrushia mrefu, kampita beki, yupo peke yake. Wakuu ndo uleule. Uleule wa Septemba, nyasi tupu mbele. Nikatia bisi zote zilizobaki. Na uwanja wa jeivii hauna watu wengi, pametulia, nikamsikia kwa masikio yangu anapiga kelele "MOJA!" alafu mpira ukazama.

Tachidauni.

Nilimuuliza kwenye gari, baada ya kula, mbona moja na mpira wa mechi hauna namba. Akasema anasoma yale maandishi ya kampuni yaliyochapwa pembeni, hayasomeki maana mpira unazunguka, kwa hiyo anachagua namba yoyote. Na kocha kamuuliza "moja" ni nani, kadhani ni jina la ruti.

Dakika ya mwisho alirushiwa mwingine, wa chini, tungeumaliza mchezo kabisa. Kaudondosha. Vidole vidogo havikukutana, Golikipa ulisema. Tulishinda hivyohivyo. Ila nilikuwa nimeshika pumzi naangalia ile helmeti. Ikaangalia chini kwenye mikono, akaifungua akaifunga mara mbili, alafu akarudi mbio kwenye mstari. Haikuja jukwaani.

Mama wa Netiboli

Mungu mkubwa. Sasa umfundishe sita na saba.

Golikipa Mstaafu

VIDOLE VIDOGO. Nilisema toka mwanzo. Hongera sana mkuu.

Wing wa Eldoret

Mimi nimeenda kumpigia babangu simu. Kesho nitasoma tena.

Kichwa Ngumu

Hongera mkuu. Swali tu, hiyo tachidauni ni pointi ngapi?

Mzee wa Fort Worth

Sita. Alafu wanaweka mpira chini mtu anaupiga na mguu upite katikati ya nguzo, inaongezeka moja.

Kichwa Ngumu

KUMBE MGUU UPO. Siku zote hizo hukusema.